Msiba wa Kuigiza

Jumapili hiyo Magdalena hakuwa amekusudia kutazama televisheni. Aliketi sebuleni akichambua choroko kwenye ungo, kwa kuwa sebule ndiyo iliyokuwa na ubaridi saa tisa alasiri. Aliyeiwasha televisheni alikuwa binti yake Pendo, ambaye tangu ajifungue alilalamika kwamba ukimya wa nyumba unamzidishia usingizi. Mtoto alilala mkekani kati yao. Alikuwa na siku thelathini na tatu, na bado hakuwa na jina la nyumbani.

Mtangazaji alieleza kwamba filamu inayofuata imepatikana ghalani, ndani ya kopo lisilo na maandishi, baada ya kusahauliwa kwa karibu miaka hamsini. Ilitengenezwa mwaka 1975 na kampuni ambayo haipo tena. Iliitwa Bibi Harusi wa Mwambani, nayo ilikuwa filamu ya kutisha. Msichana anauawa siku moja kabla ya harusi yake, maiti yake inafichwa katikati ya mawe, na tangu hapo kila mwezi unapoandama hutoka na shela lake kuja kuchukua mwanamume mmoja. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, zenye mikwaruzo mingi, na sauti ilikwenda ikirudi kama ya mtu anayeongea huku anatembea.

"Mama, hebu tazama," Pendo alisema. "Mzuka umevaa raba."

"Umevaa nini?"

"Raba, mama. Za kamba. Unapanda jiwe, zinaonekana kabisa."

Magdalena aliinua kichwa ili aone raba, akaona jiwe. Yalikuwa mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, na la tatu limekaa juu yake kama kofia iliyopinda.

"Hilo ni jiwe la hapa," alisema. "Hapa hapa Sepuka."

"Mama jamani! Singida nzima ni mawe."

"La juu lilipasuliwa kokoto kabla hujazaliwa. Nimeanika mtama pale tangu nina miaka sita. Nimechapwa pale kwa kuuacha ulowe. Nisilijue?"

Kwenye kioo walikuwa wameingia wanawake wanane au tisa, wamezunguka kitanda cha kamba. Juu ya kitanda palikuwa na maiti ya kuigiza iliyofunikwa shuka jeupe. Mbele ya wenzake alisimama mwanamke mmoja kijana, mikono miwili kichwani, kinywa wazi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Muziki wa filamu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kilio chenyewe kilisikika kwa mbali sana.

Magdalena aliweka ungo chini.

"Piga picha," alisema. "Piga haraka."

Pendo aliinua simu akapiga. Mara bibi harusi akarudi na raba zake, na wanawake wale hawakuonekana tena mpaka mwisho. Maandishi ya kufunga yaliwashukuru wananchi wa Sepuka, bila jina la mtu. Mtangazaji akasema marudio yatakuwa Jumamosi, saa ile ile.

Kisa cha filamu hiyo Magdalena alikijua vizuri, ingawa yeye na kijiji kizima hawakuwahi kuiona. Watu wa filamu walipoondoka waliahidi kurudi na gari la sinema, na gari halikuja. Kilichobaki ni masimulizi, na aliyemsimulia ni shangazi yake Theodora, dada wa baba yake, ambaye ndiye aliyemlea. Kwa mujibu wa shangazi, watu wale walifika na lori, wakachagua wanawake wa kulia kwenye msiba wa kuigiza. Sasa, kwao mtu haweki mikono kichwani na kupiga yowe la kifo wakati hakuna aliyekufa. Atakayefanya hivyo ameuita msiba, na msiba ukiitwa hautoki mtupu. Wanawake wote walilijua hilo. Ila Sikudhani, mama yake Magdalena, alilia. Miezi saba baadaye akafa kwa homa ya siku tatu, akamwacha Magdalena na miaka minne.

Hakuacha picha hata moja. Jina lake nalo halikupewa mtoto yeyote katika ukoo, kwa sababu jina la aliyejiitia kifo halirithishwi.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Magdalena kuliko filamu. Mtoto wa Pendo alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Elisha, mume wa Pendo, mtu wa Kilimatinde, alikuwa ameridhia jina la nyumbani litoke upande wa mkewe, kwa kuwa mtoto alizaliwa huku. Lakini Magdalena hakuwa na mamlaka ya kulitamka. Jina hutamkwa na mwanamke mkubwa kuliko wote wa ukoo, kabla ya mtoto kutimiza arobaini, na mwanamke huyo alikuwa Theodora. Mara mbili Magdalena alikuwa amemwomba atamke Sikudhani. Mara mbili Theodora alikataa, akasema yuko tayari kutamka Flora, au jina lolote jingine wanalolipenda.

Usipotimia utaratibu huo, mtoto angebaki na jina la ubatizo tu, na Magdalena alijua kwamba mjukuu mwingine wa kumpa jina la mama yake huenda asiwahi kumwona. Pendo alikuwa mwanawe wa pekee.

Jumanne alikwenda kwa shangazi yake. Alimkuta ameketi kwenye kigoda uani, anapepeta uwele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Shangazi, ile filamu imepatikana."

Theodora hakuuliza filamu ipi. Aliendelea kupepeta, kisha akauliza, "Umeiona?"

"Nimeiona. Nimemwona mama. Analia, kama ulivyonieleza."

"Umemjuaje, na wewe ulikuwa mtoto?"

"Si ndiye aliyelia? Anayelia ni mmoja."

Ungo ulisimama. Makapi yaliyokuwa hewani yalitua kwenye kanga ya mwanamke mzee, naye hakuyafuta.

"Sauti inasikika?" aliuliza.

"Kidogo. Muziki umeifunika. Shangazi, nimemtazama sana. Tunafanana. Paji la uso, hata mwanya wa meno. Kama alikosea, alikosea. Mimi naomba tu jina."

"Umekwisha kuona kwa macho yako," Theodora alisema, akaanza tena kupepeta. "Basi jina hilo liache lipumzike."

Magdalena alirudi nyumbani bila kubishana. Hakuwa mwanamke wa kubishana na mkubwa. Siku zile alizoea kuchukua simu ya Pendo na kuitazama ile picha, akiikuza kwa vidole viwili mpaka uso ukageuka madoa. Pendo alisema akienda mjini ataisafisha na kuiweka kwenye fremu. Magdalena alikubali. Alikuwa amepata uso wa mama yake yeye mwenyewe akiwa na miaka hamsini na mitatu, na ingawa uso huo ulikuwa katikati ya kosa lenyewe, aliuona bora kuliko kutokuwa na kitu.

Jumamosi saa nane na nusu upepo ulikuwa umeyumbisha dishi, na king'amuzi kikagoma. Pendo alimwita jirani yao Miraji, fundi wa redio na simu, Mnyiramba kutoka Misigiri aliyeoa Sepuka. Miraji alikuwa juu ya kiti, nusu ya mwili wake iko nje ya dirisha anasukuma dishi kwa mti wa ufagio, Theodora alipoingia mlangoni. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa ametembea peke yake kutoka upande wa pili wa kijiji, safari ambayo miguu yake ilikuwa imeikataa tangu mwaka uliopita.

"Shikamoo, shangazi," Magdalena alisema, akasimama kumpisha kochi.

"Marahaba. Nipe kiti cha mgongo ulionyooka. Hilo kochi lako linameza watu."

"Shikamoo, mtani," Miraji alisema kutoka dirishani. "Umekuja kutazama mzuka? Utaogopa bure. Wenyewe nimesikia umevaa raba."

"Nyinyi Wanyiramba mngevaa nini? Miguu yenu si ya kuonyesha watu."

"Haya, nimepigwa. Pendo, picha imekuja?"

"Imekuja! Usiguse tena!"

"Siigusi. Ila nami natazama, ndiyo ujira wangu."

Miraji alishuka, akakaa sakafuni. Pendo alimpakata mtoto. Simu yake aliiacha chumbani ikichaji, kwa kuwa picha aliyoihitaji alikwisha kuipiga. Filamu ilianza. Miraji alicheka pale bibi harusi alipotoka mwambani na shela likakwama kwenye mwiba, naye akalinasua kwa adabu kabla ya kuendelea kutisha. Theodora hakucheka. Alikaa wima, viganja viwili vimefunika kichwa cha fimbo yake.

"Miraji, ongeza sauti," Magdalena alisema walipofika kwenye msiba. "Ongeza yote."

Sauti ilipopanda, chini ya muziki wa filamu wakasikia wanawake. Magdalena alisikiliza kwa muda. Hawakuwa wakiomboleza. Walikuwa wakiimba kwa Kinyaturu, polepole mno, wimbo ambao yeye mwenyewe aliuimba kila mwaka uwanjani.

"Huu si wimbo wa kupura?" Pendo aliuliza. "Wa kupura uwele?"

"Ndio wenyewe," Magdalena alisema.

Sasa akaelewa. Wanawake wa Sepuka walikuwa wameambiwa walie, na kwa kuwa hapakuwa na maiti wakaimba wimbo wa kazi, wakauburuta mpaka wageni wakadhani ni maombolezo. Walikuwa wamejikinga wote. Wote isipokuwa yule wa mbele, mwenye mikono kichwani. Jambo hilo lilimwangukia Magdalena kwa uzito ambao hakuutarajia. Wiki nzima alikuwa amejifariji kwamba huenda wote walilia, na mama yake ndiye tu aliyeonekana. Kumbe alionywa, akasikia, akalia peke yake.

"Simamisheni hapo," Theodora alisema.

"Haisimami, mtani. Hii ni televisheni, siyo deki."

"Nimesema simamisheni!"

"Haiwezekani, bibi," Pendo alisema. "Inakwenda yenyewe."

Theodora aliinua fimbo akaielekeza kwenye kioo.

"Huyo anayelia ni mimi. Magdalena, huyo ni mimi. Mama yako ni yule wa nyuma, wa kaniki. Kushoto. Yule anayecheka. Mtazame, mtazame upesi!"

Magdalena alipiga magoti mbele ya televisheni. Nyuma ya wenzake, karibu na ukingo wa picha, alikuwapo mwanamke mfupi aliyejifunga kaniki, mikono kaikunja kifuani. Midomo yake ilifuata wimbo. Kisha aliyesimama ubavuni akamnong'oneza neno, naye akainamisha kichwa ili kuficha kicheko, akashindwa, akakiinua tena huku meno yote yako nje. Hakuwa na mwanya. Paji lake lilikuwa jembamba. Magdalena hakuona chochote kwake kinachofanana na alichozoea kuona kwenye kioo chake.

Akatoweka. Bibi harusi alikuwa amefika mtoni.

Pendo alikuwa amekimbilia chumbani kuchukua simu. Alirudi nayo mkononi, waya umening'inia, akasimama katikati ya sebule bila la kufanya nayo. Miraji alipunguza sauti bila kuambiwa.

"Walituambia tulie," Theodora alisema. Alizungumza akitazama fimbo yake. "Sikudhani ndiye aliyesema, jamani, hapa hakuna maiti, tusilie. Tuimbe wa kupura, hawa wa Dar es Salaam watajuaje? Tukacheka, tukakubali. Na mimi nilikubali. Kisha wakaleta kile kitanda, wakatandika lile shuka. Mimi nilikuwa nimemzika Hosea wiki sita kabla."

"Hosea nani, bibi?"

"Mwanangu. Alikuwa ameanza kutambaa. Nilipoona shuka jeupe, sikujua tena kama nipo kwenye filamu. Yule mkubwa wao alikuwa akipiga kelele, vizuri, vizuri, endelea hivyo hivyo. Nikaendelea."

Mtoto alikohoa kidogo, Pendo akamhamishia bega la pili.

"Mimi ndiye niliyelia, akafa yeye. Nilingoja nife mimi. Nilingoja mwaka mzima, kila nikiumwa kichwa nasema ndio huu. Huku watu wanauliza, mtu mzima mwenye nguvu vile kauawa na nini? Nikasema alilia kwenye filamu. Hakuwapo wa kunibishia."

"Na wale wenzenu waliokuwapo?" Magdalena aliuliza.

"Walinisikia. Walijua nimezika mtoto na wifi ndani ya mwaka mmoja. Wakaniachia. Sasa wamekwisha wote."

"Jumanne nilikuja kwako. Nikakwambia nimemwona analia. Ungeweza kusema."

"Ningeweza. Uliposema mnafanana nilipata furaha. Nikasema acha anitazame mimi. Kisha sikulala. Nimekuja kwa sababu nilitaka kuona kama kweli kamera ilinichukua. Na nilitaka kuona nilivyokuwa nikimlilia Hosea. Sina kitu kingine chake."

Miraji aliondoka kimyakimya, akachukua ule ufagio, akaurudisha mahali pake nje ya mlango.

Magdalena aliinuka kutoka sakafuni, akakaa kwenye kochi. Alijipekua atafute hasira, kwa kuwa aliona ni haki yake kuwa nayo, akaipata, lakini ilikuwa ndogo na imechelewa. Kilichomjaa ni hesabu ya pumzi. Alikuwa amemwona mama yake kwa muda wa pumzi nne, labda tano, na katika hizo, mbili alikuwa akicheka. Alifikiria pia miaka yote ambayo shangazi huyu alimvusha mtoni mgongoni, akamsuka nywele, akamnyima jina. Vitu hivyo vyote vilifanywa na mikono ile ile, na hakuweza kuvitenganisha.

"Shangazi," alisema hatimaye, "wewe umesema mtu halii pasipo na aliyekufa."

"Ndivyo ilivyo."

"Lakini kwako alikuwapo aliyekufa. Hosea alikuwa amekufa kweli. Hukulia msiba wa uongo. Ulilia wa kwako, mahali pasipo pake."

Theodora alimtazama.

"Kwa hiyo hukuita kitu," Magdalena aliendelea. Alisema bila upole na bila ukali, kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwa sauti. "Na mama hakuita kitu. Aliugua homa. Wengi walikufa kwa homa mwaka ule, hata wasioiona kamera. Umelibeba jambo hilo miaka yote, ukanibebesha na mimi, na halikuwapo."

Ilionekana mwanamke mzee alikuwa amebishana na nafsi yake miaka yote juu ya jambo hilo, ila hoja hiyo moja hakuwahi kukutana nayo.

"Kesho mtoto anatimiza arobaini," Magdalena alisema.

"Mpeni jina mnalolitaka. Mimi sina uso wa kulitamka."

"Siombi uso. Utaratibu ni wewe utamke. Ukikataa leo, hukatai tena kwa sababu ya mama. Unakataa kwa sababu yako."

"Usinisukume, Magdalena."

"Sikusukumi, shangazi. Nakupa mtoto."

Akamchukua mtoto kutoka kwa Pendo, akamweka mapajani mwa Theodora. Fimbo ilianguka sakafuni. Theodora alimshika mtoto kwa namna ya wanawake waliolea wengi, kiganja kimoja chini ya kisogo, akamtazama kwa muda mrefu. Kwenye televisheni tangazo la sabuni lilikuwa limeikata filamu, watu wanaimba kuhusu povu. Pendo aliizima.

"Leteni maziwa," Theodora alisema.

Pendo alileta maziwa kwenye kikombe. Theodora alichovya kidole cha shahada, akakigusisha kwenye midomo ya mtoto. Mtoto alikilamba. Mara ya kwanza jina halikutoka, ilitoka pumzi tu. Mwanamke mzee alikohoa, akachovya tena.

"Sikudhani," alisema.

Ilikuwa sauti ya chini sana, lakini ilisikika, na hilo lilitosha kwa utaratibu. Magdalena aliitikia kwa niaba ya mtoto, kama inavyotakiwa. Pendo alifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Nina njaa," Theodora alisema. "Nimetembea sana."

"Kuna uji. Ngoja niupashe."

Magdalena alikwenda jikoni. Aliwasha moto, akateleka sufuria, akasimama akiukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Alijaribu kumrudisha yule mwanamke wa kaniki, na aligundua kwamba kicheko kilikuwa bado kipo lakini macho yalikuwa yameanza kufifia, na kwamba huenda kesho angebaki na mikono iliyokunjwa tu. Hakulia. Alipunguza kuni.

Kutoka sebuleni alimsikia shangazi yake akizungumza na mtoto kwa Kinyaturu, maneno ya kawaida ya kumbembeleza, akimuuliza anamwangalia nini na kwa nini amekunja uso kama mzee wa baraza. Kisha akamwita kwa jina, kwa sauti kamili safari hii, bila mtu yeyote kumwomba. Magdalena alisimama na mwiko mkononi. Akangoja asikie kama ataliita tena.

Aliliita tena.